Sheria ya Kona

Alistaafu Jumatatu, na kufikia Alhamisi mkewe alikuwa amemwona vya kutosha.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Mtoni walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alikuwa mshika usukani wa meli ya matembezi, ile nyeupe yenye ghorofa mbili za vyumba na sitaha ya juu yenye viti vya kulalia, ambayo watu wenye akili zao timamu hulipa nauli ili wateremke na mto hadi mji wa chini, kisha wapandishwe tena hadi pale pale walipoanzia. Taratibu aliwapeleka na kuwarudisha kwa zaidi ya nusu ya umri wake bila kugonga kitu, na bila kuwauliza wanafuata nini. Hakuona sababu ya kuuliza. Muuza majeneza naye hawaulizi wateja wamevutiwa na nini.

Kilichomshinda ni nyumba. Nyumba yao ilikuwa ukingoni, mahali mto unapopinda kama kiwiko cha mkono: sebule, chumba cha kulala, chumba kilichokuwa cha mabinti zao pacha kabla hawajaolewa, na jiko lenye mlango uliotazama majini. Miaka yote alikuwa akiingia humo kama mgeni wa heshima. Analala siku mbili, anawekewa kipande kizuri cha nyama, anaondoka kabla hajakera. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema la kufanya na mgeni ambaye siku ya tatu anaanza kupanga upya sufuria.

Alizipanga kwa ukubwa, kisha akabadili mawazo akazipanga kwa mifuniko. Akagundua kwamba mlango wa jiko unalia, akautia mafuta, ukanyamaza, na tangu hapo mkewe akawa anashtuliwa na kila anayeingia. Baada ya hapo alivuta kiti, akakaa akimtazama mkewe anavyopika, kwa jicho lile lile alilotazamia maji, kana kwamba anatafuta palipo na kina.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia, "huna pa kwenda?"

"Nimeshafika," alijibu Taratibu, akadhani ametoa jibu zuri.

Alhamisi hiyo Mama Pacha alikuwa anamenya vitunguu, na mumewe yuko kitini na kikombe cha chai, meli ilipopiga honi konani. Mbili ndefu, moja fupi. Mwili wa Mama Pacha uliinuka kabla yeye mwenyewe hajaamua. Kisu chini, mikono kwenye aproni, kitambaa cheupe cha meza kutoka msumarini nyuma ya mlango, hatua kuelekea nje. Ndivyo alivyofanya tangu akiwa bibi harusi. Honi ile ilikuwa ya mumewe, ikimwambia, nipo, napita. Na yeye alitoka ukingoni akapunga kitambaa kumwambia, nami nipo, pita salama.

Alikuwa ameshafika kizingitini, kitambaa begani, ndipo akasimama. Akageuka. Mumewe alikuwa pale pale kitini, anapuliza chai.

"Meli imepiga," alisema Mama Pacha.

"Naam."

"Imepiga zile zako."

"Siyo zangu," alisema Taratibu, kwa ukarimu wa mtu anayemfafanulia jambo la kazi asiye wa kazi. "Ni sheria ya kona. Kila meli hupiga hapa. Zetu, za kampuni ile nyingine, hata lile tishari linalobeba kokoto."

"Kila meli."

"Kila meli."

"Tangu lini?"

"Aa, tangu zamani hizo," alisema Taratibu, akanywa chai yake.

Sasa, ni vizuri kueleza alichokuwa amekisema, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua. Mto ule haukuwa na saa. Maji yakipungua meli huchelewa, yakijaa huwahi, na mshika usukani hubadilishana zamu na mwenzake kwa sababu ya mafua tu. Kwa hiyo Mama Pacha hakuweza kujua ni lini mumewe atapita, ila kwa honi. Na kutoka ukingoni kioo cha chumba cha usukani hung'aa kama sinia, humwoni aliye ndani. Alikuwa amelipungia sinia hilo kwenye mvua, akiwa na pacha mmoja kifuani na mwingine mgongoni, akiwa na homa, akiwa na povu la sabuni kichwani. Kuna siku honi ililia asubuhi, mchana na jioni, akatoka mara zote, akajiambia labda mume wangu leo anaenda na kurudi. Mapenzi yana hesabu zake. Na sasa mtu huyo huyo amekaa anapuliza chai, anamwambia kwamba alikuwa akipungia kokoto.

Mama Pacha alirudisha kitambaa msumarini. Akarudi kwenye vitunguu, akalia kidogo. Lakini vitunguu ni shahidi wa uongo, na Taratibu hakuona kitu.

Alichoona ni kwamba kuanzia siku hiyo aliongeleshwa kwa maneno ya lazima tu: chakula, sogea, funga. Aliwaza kosa lake likawa halionekani. Alizirudisha sufuria zilivyokuwa. Haikusaidia. Kisha siku moja akamsikia mkewe kwenye simu na dada yake mkubwa, yule anayekaa mji wa chini, ambaye sauti yake haikuhitaji simu. "Chumba kipo, mdogo wangu! Kitanda kipo! Njoo hata kesho, mwache huyo na sufuria zake!"

Taratibu alisimama kwenye korido, bakuli mkononi, hajui anaelekea wapi nalo.

Pacha, ambao hawakujua lolote kati ya hayo ila kwamba baba amestaafu, wakapiga simu wakiwa pamoja, kila mmoja akimalizia sentensi ya mwenzake. Wamechanga, wao na waume zao. Wanataka wazazi wakapumzike. Mama achague: hoteli ya ufukweni, nyumba ya mapumziko mlimani, au basi lile zuri linalozungusha watu miji saba.

"Mto," alisema Mama Pacha.

"Mto upi, mama?"

"Kuna mito mingapi? Meli ya baba yenu. Kwenda na kurudi."

"Mama, mto si huo hapo mlangoni!"

"Ndiyo huo."

Simu ilipokatwa Taratibu alijikohoza. "Mama Pacha, kati ya vyote hivyo, kwa nini mto?"

"Unaniuliza mimi?" alisema mkewe. "Wewe ndiye umewabeba. Miaka yote hiyo, watu wanaacha bahari, wanaacha milima, wanakuja kukaa kwenye meli yako. Wanafuata nini?"

Taratibu alifungua mdomo, akatazama ndani ya kichwa chake, akakuta hamna kitu. Akaufunga.

Siku ya kuondoka mkewe alifunga lile sanduku kubwa la harusi yao. Akatia nguo za joto na za baridi. Akatia cherehani yake ndogo ya mkono. Halafu akashusha picha ya pacha ukutani, ikabaki alama nyeupe ya mraba, akaifunga kwenye kanga na kuitia pia. Taratibu hakuwa msomi wa mambo ya likizo, lakini hakuwahi kumwona abiria aliyekwenda matembezi na cherehani. Na meli ile inageuzia mji wa chini. Na mji wa chini ndiko aliko dada mkubwa, na kitanda kipo.

Hapo hata yeye alielewa kilicho hatarini. Mkewe angeteremka gatini na sanduku, na yeye angerudi peke yake kwenye nyumba yenye sufuria zilizopangwa vizuri. Asichoelewa ni kwa nini. Basi akashika kamba pekee iliyokuwa karibu: aliulizwa swali, akakosa jibu. Akilipata jibu, kabla ya mji wa chini, huenda mambo yakarekebika. Ilikuwa hoja dhaifu, lakini mtu anayezama hachunguzi kamba.

Melini, kwenye gati la juu ya mto safari inapoanzia, walipokelewa na mrithi wake, aliyeitwa Kidole kwa sababu aliendesha meli nzima kwa kidole kimoja cha shahada, na mkono mwingine aliutumia kushikia soda.

"Shikamoo mzee wangu! Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu."

Kidole alinyanyua sanduku, likamvuta chini. "Mama, humu mna nini?"

"Nguo," alisema Mama Pacha, na nguo zikagonga sakafu kwa mlio wa chuma.

Kabini ilikuwa na vitanda viwili, kabati jembamba, meza ya kukunja na dirisha la duara. Mama Pacha alitoa kila kitu. Nguo kabatini, cherehani juu ya meza, picha ya pacha chini ya dirisha, sanduku tupu chini ya kitanda. Taratibu alitazama yote hayo kama mtu anayesoma ishara za meli ya nchi nyingine. Hii ni nzuri au mbaya? Mtu anayetaka kuondoka hufungua sanduku? Mtu anayetaka kubaki huleta cherehani?

Akapanda sitaha ya juu kutafuta jibu.

Alikuwa abiria mbaya kupindukia. Injini ikibadili sauti kidogo tu anasimama, supu mkononi. Kona ikikaribia mwili wake unainama kabla ya meli, na waliokaa naye mezani walijifunza kushika vikombe vyao kila wanapomwona analala upande. Lakini kuuliza aliuliza, kwa adabu, kofia mkononi, kama mtu anayefanya upelelezi wa jinai.

Alianza na mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba aliyekuwa anafuma soksi.

"Samahani, mwalimu. Kwa nini ulichagua mto?"

"Sanduku," alisema mwalimu bila kuinua macho.

"Sanduku?"

"Mwaka juzi nilipanda lile basi la miji saba. Kila usiku hoteli mpya. Asubuhi funga sanduku, jioni fungua, asubuhi funga. Nilirudi nimechoka kuliko nilivyoondoka, na kila mji nimeuachia soksi moja. Hapa unafungua mara moja tu, basi. Chumba ni hicho hicho, miji ndiyo inakuja. Unaamka, mji uko dirishani, meli imefunga katikati kabisa, unateremka na mkoba wako, unarudi kula."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu?" Sasa aliinua macho. "Mzee, umewahi kufunga sanduku mara saba?"

Taratibu alikiri hajawahi. Akahamia kwa bwana harusi mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo, mkewe amelala kitini kando yake kwa amani.

"Bahari tuliijaribu," alisema bwana harusi kwa sauti ya chini. "Fungate. Mawimbi yakamshika, akatapika mpaka akanilaumu kwa kumwoa. Huku maji yametulia. Ananilaumu kwa mambo ya kawaida."

Mhasibu mmoja mnene alimwambia kwamba yeye amefuata kengele. "Ofisini naamua tangu asubuhi. Hiki kilipwe, kile kisilipwe. Hapa kengele inalia, nakula. Inalia, nashuka kutazama mji. Inalia, napanda. Nauli imeshamaliza kila kitu, hakuna anayeniletea karatasi. Tafadhali usiniulize swali lingine, litanilazimisha kufikiri."

Na mama mmoja mwenye duka la vitambaa, mjane, mwenye darubini shingoni na vicheko vingi, alimcheka waziwazi. "Sasa baba, baharini nitatazama nini? Maji. Nikichoka na maji nitazame maji. Hapa pande zote mbili kuna watu. Yule anafua. Yule yuko juu ya paa anagongea bati. Wale wanagombana, tazama, tazama, amemtupia ndoo! Nawaona, wananiona, napita. Dukani kwangu kila anayenitazama ana shida na mimi."

Kufikia jioni Taratibu alikuwa amevurugikiwa kabisa. Mmoja amekuja kwa sababu ya soksi, mwingine tumbo la mkewe, mwingine kengele, mwingine ugomvi wa watu wa ukingoni. Wengine walimwambia meli ni ndogo, siku ya pili unamjua kila mtu. Mwingine akasema kwa sababu hiyo hiyo hatarudi tena. Alikuwa amedhani anaendesha meli moja. Kumbe ndani yake mlikuwa na meli sita, zikienda mwendo mmoja.

Alimletea mkewe matokeo, yote, kwa mpangilio. Mama Pacha alisikiliza akiwa ameketi kitandani.

"Na wewe?" alisema. "Wewe ungechagua nini?"

"Mimi? Mimi ningekaa nyumbani."

"Ndiyo," alisema Mama Pacha, akageukia ukuta. Taratibu alijua amekosea tena, ila safari hii hata swali hakuwa amelijua.

Asubuhi iliyofuata walikaribia kona yao. Kabla Taratibu hajamaliza kujiuliza itakuwaje kuiona nyumba yake akiwa amekaa, kipaza sauti cha sitahani kiliguna, na sauti tamu ya mwongozaji wa wageni ikatoka.

"Wageni wetu wapendwa, dakika chache zijazo tutafika kwenye kona mashuhuri ya mto huu. Sogeeni upande wa kushoto, kamera tayari. Katika nyumba nyeupe mtamwona mama wa kitambaa, ambaye kwa mila ya ukingo huu hutoka kusalimu kila meli inayopita."

Taratibu aliduwaa. Chumba cha usukani hakikuwa na kipaza sauti, na vioo vyake vilikuwa vinene. Miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia tangazo hilo. Abiria wote waliinuka wakakimbilia kushoto, mhasibu akiongoza, na meli ikalala upande taratibu.

"Kumbe," alijisemea. Kila mara akiteremka na mto hapa meli ilikuwa inamvuta kushoto, naye aliirudisha kwa mkono, akawafundisha na wengine kwamba kuna mkondo. Kumbe mkondo wenyewe ulikuwa watu wanaenda kumtazama mke wake.

Honi ikalia. Mbili ndefu, moja fupi.

Nyumba ilijitokeza nyuma ya kona, ndogo kuliko alivyoijua. Mlango wa jiko umefungwa. Kamba ya nguo tupu. Darubini ziliinuliwa, kamera zikainuliwa, mto mzima ukasubiri, na mlango ukabaki mlango.

"Leo hatoki?" alisema bwana harusi.

"Labda anaumwa."

"Amekufa huyo," alisema mhasibu, ambaye alikuwa amezoea kufunga hesabu. "Na wametuonyesha kwenye picha za matangazo."

Mama wa duka la vitambaa alishusha darubini, na uso wake ulikuwa umepungua. "Mimi ni mara yangu ya pili," alimwambia aliyesimama karibu naye. "Mwaka jana alitoka mbio na povu kichwani. Nilikuwa nimetoka kumzika mume wangu, nimepanda meli hii kwa sababu sikujua pa kukaa. Nikasema, jamani, kuna mtu duniani ameacha kuoga kwa ajili yangu, wala hanijui. Nikarudi kwa ajili yake."

Aliyesimama karibu naye alikuwa Mama Pacha.

"Hakuwa anakupungia wewe," alisema Mama Pacha.

"Najua, dada yangu. Lakini ilinifikia."

Mama Pacha aliitazama nyumba hadi ilipomezwa na miti. Kisha akajifunga kanga vizuri, akapita katikati ya abiria na kuelekea ngazi ya chumba cha usukani. Taratibu alimfuata, akipiga hesabu ya makosa yake yote na kutopata jumla.

Kidole alikuwa ameegemea kiti, kidole kwenye usukani.

"Karibu mama! Mzee, karibu kwako."

"Mwanangu," alisema Mama Pacha, "umepiga honi kwa nini pale?"

"Sheria ya kona, mama. Kuna fungu la mchanga pale chini, limejificha. Mzee mwenyewe alinifundisha. Mbili ndefu, moja fupi, ili kila mtu awe macho."

"Umewahi kuliona?"

"Fungu? Hapana, mama. Limejificha."

"Kuna meli iliyowahi kuligonga?"

"Hata moja," alisema Kidole kwa fahari. "Si ndiyo maana tunapiga honi."

Mama Pacha alimgeukia mumewe. "Baba Pacha. Hilo fungu la mchanga liko wapi?"

Taratibu alitazama maji kupitia kioo. Lilikuwa jambo ambalo hakuwa ameliwaza kwa miaka, kama mtu asivyowaza nani alimfundisha kufunga kamba za viatu. Ilimbidi alitafute.

"Halipo," alisema.

Kidole kiliondoka kwenye usukani. "Mzee!"

"Shika usukani, wewe. Halipo. Halijawahi kuwepo. Pale ndipo penye kina kuliko popote."

"Basi ulikuwa unapigia nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Nilikuwa nakupigia wewe," alisema Taratibu, akishangaa kuulizwa. "Tulikuwa ndiyo tumeoana. Napita nyumbani, nipite kimya? Nikapiga. Nahodha wa wakati ule, unamkumbuka, yule mkali, akaniuliza honi ya nini. Ningemjibu nini? Kwamba nampigia mke wangu honi ya kampuni? Nikamwambia kuna fungu la mchanga. Akasema vyema, na wenzako wapige. Akawaambia na wa kampuni ile nyingine. Mambo yakaenda, ikawa sheria."

"Na mimi hukuniambia."

"Nilijua unajua."

"Ningejua kwa njia gani?"

Taratibu alilifikiria swali hilo kwa uaminifu wote. "Sijui," alisema.

Mama Pacha alimtazama mumewe, kisha akatazama mto nyuma yao, kona ikipotea.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mimi ndiye fungu la mchanga."

Kidole, ambaye alilelewa vizuri, aliona ni utovu wa adabu kumwacha mama na neno hilo peke yake.

"Ila mama, kwa heshima zote," alisema, "ni fungu linaloogopwa mto mzima."

Mama Pacha alitoa sauti moja fupi. Taratibu, kwa uzoefu wake mdogo wa ndoa ya ana kwa ana, hakuweza kujua kama ni kicheko au kikohozi. Mkewe alishuka ngazi, na siku nzima alikaa na mama wa duka la vitambaa wakibadilishana darubini. Alipopita Taratibu kuwatazama, waliacha kuongea. Hakujua hiyo nayo ni ya kuandikwa upande gani.

Mji wa chini ulipoonekana, dada mkubwa alikuwa tayari gatini, na mchukuzi, na mkokoteni wa mchukuzi. Alianza kuita meli ikiwa bado katikati ya maji. "Mdogo wanguuu! Chumba kimepigwa dekiii!"

Mama Pacha aliteremka na mkoba mdogo tu. Taratibu aliona kutoka juu wanakumbatiana, wanaanza kuzungumza, dada anarusha mikono. Mchukuzi alikaa juu ya mkokoteni wake kama mtu anayelipwa kwa kukaa.

Taratibu akafikiri. Mkewe ni mtu mzima. Sanduku ni zito. Kama ameamua kwenda, mume mwenye utu hamwachi ahangaike na mizigo. Akarudi kabini, akavuta sanduku chini ya kitanda, akaanza kufunga. Hakuwahi kufunga nguo za mwanamke. Alizikunja kama bendera, kisha kama ramani, kisha akazisokomeza. Alipofika kwenye picha ya pacha akakaa kitandani, ameipakata, pacha wote wawili wakimtazama na meno yao ya utotoni.

Mlango ukafunguliwa.

"Unafanya nini?" alisema Mama Pacha.

"Nakusaidia. Dada anasubiri."

"Unanifukuza?"

"Mimi? Hapana! Nilidhani... sanduku... na cherehani..."

"Cherehani nampa dada. Ya kwake imevunjika, nilimwahidi. Mpelekee, mchukuzi yuko pale."

"Na nguo za baridi?"

"Usiku mtoni kuna baridi. Wewe si ndiye mtu wa mto?"

"Na picha?"

Mama Pacha aliichukua kutoka mapajani mwake, akaifuta kioo na ncha ya kanga, akairudisha chini ya dirisha.

"Hiyo nilikuwa bado sijaamua," alisema.

"Na sasa?"

"Sasa rudisha nguo zangu kabatini ulivyozikuta. Mtu hufungua sanduku mara moja. Hukumsikia mwalimu?"

Akazirudisha, moja moja, akipewa maelekezo. Alipokuwa ameinamia kabati, mkewe alisema nyuma yake, "Lakini nina sharti. Mimi nimetoka vya kutosha. Tukifika nyumbani, honi ikilia, unatoka wewe."

"Nitoke nimpungie nani?"

"Utajuaje? Mimi nilijua?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye ramani za mto fungu la mchanga bado lipo. Kidole aliona si kazi yake kuliondoa, na Taratibu hakumshauri. Mbili ndefu, moja fupi, na mzee mmoja mrefu hutoka jikoni na kitambaa cheupe cha meza, amekishika kwa ncha mbili kama anayetaka kutandika. Mara za kwanza alipunga kama askari wa barabarani, na lile tishari la kokoto lilipunguza mwendo. Baadaye mkono ulijifunza wenyewe. Hutazama kioo, kioo hung'aa kama sinia, haoni kitu. Huona tu meli inavyolala upande wake, na hajui ni soksi, ni tumbo, au ni mtu aliyetoka kuzika. Hubaki amesimama hadi mawimbi yatulie, maana hakuna aliyemwambia ni wakati gani wa kuacha.

Kisha hurudi ndani. Mlango umeanza kulia tena, na ameambiwa asiuguse.

"Nani?" huuliza Mama Pacha kutoka kwenye sufuria zake.

"Sijui."

"Umempungia?"

"Nimempungia."

"Haya, kaa ule."